Uzi maalumu: kuuza vifaa vya mtoto vilivyotumika bila kumuuzia mwenzako hatari

Mama Pacha (mwanzisha uzi)

Habari za leo wadau. Nimekuwa nikinunua na kuuza vifaa vya watoto vilivyotumika hapa Dar kwa muda sasa. Vingi navipata kwa akina mama ninaofahamiana nao Tabata, Segerea na Kinyerezi, vichache kwenye mizigo ya Uingereza inayofunguliwa Ilala. Kila mara napata ujumbe wa namna moja: "Dada, nina kitanda na kigari vimekaa tu stoo, naviuzaje?" Nimeona niandike yote hapa, mwenye swali aulize tusaidiane.

Naanza na jambo ninaloliamini kuliko yote. Kitambaa kisicho na doa na chuma kinachong'aa havimwambii mnunuzi chochote cha maana. Kifaa cha mtoto kina historia, na anayeijua ni muuzaji peke yake: kilinunuliwa mwaka gani, kiliwahi kuanguka, boliti ipi ilipotea ikawekwa nyingine, kimekaa kwenye unyevu muda gani. Ukiuza kifaa, uza na historia yake. Mtoto atakayekilalia hawezi kuuliza.

Vitu visivyo na maneno mengi ni beseni la kuogea, neti ile ya mwavuli, kiti cha kulia chakula chenye mikanda yote, midoli mikubwa na nguo. Osha, anika, piga picha, uza. Kwenye midoli ya kuimba hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri bapa zile zenye umbo la kifungo mtoto akizimeza zinaunguza koo ndani ya saa chache.

Sasa kitanda. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo mtoto anapoachwa peke yake usiku kucha. Chukua futi ya fundi cherehani upime nafasi kati ya ufito na ufito. Kiwango cha Marekani hakizidi sentimita 6 hivi, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita kwenye nafasi pana halafu kichwa kikabaki. Kisha shika upande mmoja utikise kwa nguvu. Kikicheza, kuna boliti imelegea au tundu limeliwa. Godoro lijae kitanda. Vidole viwili vikipita kirahisi pembeni, hilo godoro si la kitanda hicho.

Na kuna vile vitanda ambavyo upande mmoja unashuka na kupanda. Vinapendwa sana kwa sababu mama hainami. Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza kuanzia Juni 2011, vilivyotumika vikiwemo, baada ya upande ule kuchomoka na watoto kubanwa wakafa. Huku bado vinaingia na mitumba na watu wanavinunua kwa furaha. Mimi sivigusi. Kama unacho nyumbani na kiko imara, mpe fundi auzibe upande ule moja kwa moja kwa boliti, na hata hapo mwambie mnunuzi kilivyokuwa.

Kigari: kifungue na kukikunja mara kadhaa mbele ya mnunuzi. Kufuli ya mkunjo ikiteleza hata mara moja, usiuze. Weka mzigo wa kilo kumi ndani, kikanyagie breki kwenye mteremko. Angalia pia maungio ya pembeni. Novemba 2009 kampuni ya vigari ya Maclaren ilitoa wito wa kurekebisha vigari vyake karibu milioni moja huko Marekani kwa sababu maungio yalikata ncha za vidole vya watoto wakati mzazi anafungua, ikawa inatoa vifuniko vya bure vya kuziba pale. Vigari vya miaka ile bado vinaonekana kwenye mizigo ya Ulaya, na vingi havina vifuniko hivyo.

Vitu ambavyo siuzi hata viwe kwenye boksi lake:

Woka, vile viti vya magurudumu vya kumfundishia mtoto kutembea. Kanada walizipiga marufuku Aprili 2004, mpya na zilizotumika, hata kumuuzia jirani uani. Fikiria nyumba zetu: baraza lina ngazi, jiko la mkaa liko uani, chupa ya chai iko mezani na kitambaa kinaning'inia. Mtoto wa miezi minane kwenye magurudumu anafika vyote hivyo kabla hujageuka. Na wala haimharakishii kutembea.

Vitanda vya kulaza mtoto kwa mwinamo, vile vya kubembea vyenye mgongo ulioinuka. Kichwa kinainama mbele na njia ya hewa inajibana. Kampuni ya Fisher-Price iliviondoa sokoni vitanda vyake vya Rock 'n Play mwaka 2019, karibu milioni 4.7, na mwaka 2022 Marekani ikatunga sheria ya kuondoa aina hiyo yote sokoni pamoja na mito ile ya kuzungushia kitanda. Vinapendeza sana kwenye picha, najua.

Chuchu za chupa zilizotumika, na chupa ngumu za zamani zinazong'aa kama kioo. Nyingi zilitengenezwa kwa plastiki yenye kemikali ya BPA, ambayo Ulaya waliizuia kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012.

Usafi. Vua kila kitambaa kinachovuka, fua kwa sabuni laini, anika juani hadi sponji ya ndani ikauke. Wakati wa masika sponji inaonekana kavu juu huku ndani inaota ukungu, kwa hiyo kama si lazima subiri jua la Juni au Julai. Ukipeleka pua karibu ukasikia harufu ya uvundo, rudia.

Tangazo. Watu wanaandika "bado kipya kabisa, njoo inbox" na picha moja ya giza. Tazama tangazo la mama mmoja wa Segerea nililomsaidia kuandika; kitanda kiliondoka siku ileile:

*"Kitanda cha mtoto cha mbao, pande zote hazishuki. Nilikinunua kipya Kariakoo 2022, kimelala mtoto mmoja. Urefu sm 120, upana sm 60. Boliti zote zipo, moja ya mguu wa nyuma nimebadilisha. Ubao wa juu una alama za meno, ona picha ya tatu. Godoro siuzi. Sababu ya kuuza: mtoto amehamia kitanda kikubwa. Bei 180,000, maelewano yapo kidogo. Kipo Segerea, njoo ukione kikiwa kimeungwa."*

Ona zile alama za meno. Mnunuzi akishaona umemwonyesha kasoro mwenyewe, haji tena na macho ya kutafuta ulichoficha, na hata bei habishani sana.

Karibuni kwa maswali.

---

Baba wa Kwanza

Asante sana dada, uzi umekuja wakati wake. Mke wangu ana miezi saba. Nimeonyeshwa kiti cha gari cha mtoto pale Ilala, kisafi, bei nusu ya kipya. Muuzaji anasema kimetoka Uingereza, zaidi ya hapo hajui. Gari langu ni IST. Watu wa ofisini wananiambia chukua, kuliko kumpakata mtoto siti ya mbele. Wewe unasemaje?

---

Mama Pacha

Hongera kaka, na mpe pole mama kijacho na joto hili.

Kwa kiti cha gari mimi ni mkali kuliko kwa kitu kingine chochote. Kiti kikishapata ajali ya maana, plastiki yake inaweza kupata ufa usioonekana na mikanda ikavutika, na nje kikabaki kizuri tu. Huyo wa Ilala si kwamba anakudanganya, kweli hajui. Ndiyo maana viti vya kwenye kontena siuzi kabisa. Nauza cha mtu ninayemfahamu, aliyekinunua mwenyewe, anayeniambia machoni kwamba hakijapata ajali.

Ukipata cha namna hiyo, kipindue. Chini au ubavuni kuna tarehe ya kutengenezwa, imebandikwa au imechorwa kwenye plastiki yenyewe. Watengenezaji wengi wanaweka ukomo wa miaka 6 hadi 10. Cha Ulaya kina stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara; tafuta R44/04 au R129, ndizo namba za viwango vya usalama. Ukiona R44/01 au R44/02 achana nacho, Ulaya wenyewe waliacha kuruhusu matumizi yake tangu 2008. Vuta mikanda yote mitano, funga kifungo chake usikie kinabana, kague kama kitambaa cha mkanda kimechanika au kimekakamaa. Muulize aliufuaje. Mkanda uliolowekwa kwenye Jik umepoteza nguvu yake.

Ukirudi kwenye gari, tia mkono kati ya kalio la siti ya nyuma na egemeo lake. Ukigusa vyuma viwili, una ISOFIX, yaani vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari. Usipovigusa, nunua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari, usije ukanunua chenye miguu ya ISOFIX tupu ukashindwa kukifunga. Na mtoto mchanga anatazama nyuma, siti ya nyuma. Kiti kinachotazama nyuma usikiweke mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. R129 inataka atazame nyuma hadi apite miezi 15.

Kuhusu kumpakata: wenzako ofisini wako sahihi kwamba si salama. Ila una muda bado. Tangaza kwenye kundi la WhatsApp la kazini na la mtaani kwamba unatafuta kiti cha mtoto mchanga. Viti hivi vinatumika mwaka mmoja tu, utashangaa vipo vingapi kwenye stoo za watu. Ukikosa, hiki ndicho kitu kimoja ambacho ningesema jibane ununue kipya, halafu kigari na kitanda uchukue vilivyotumika.

---

Fundi Mbao Keko

Mimi ni seremala, naletewa hivi vitanda kila siku. Niongeze mawili matatu.

Mtu akipoteza boliti anakwenda duka la vifaa vya ujenzi anachukua skrubu ya mbao yoyote. Skrubu ile inashika wiki ya kwanza, mtoto akianza kusimama na kurukaruka inalegea na kula tundu. Boliti ya kitanda ina nati yake ya duara inayokaa ndani ya mbao. Leteni ile moja iliyobaki, tutatafuta mwenzake wa unene huohuo. Na mkikiunganua, funga boliti zote na kile kifunguo chenye umbo la L kwenye mfuko mmoja, ubandike kwenye ubao kwa utepe. Vitanda vingi vinakufa kwa sababu ya mfuko wa boliti uliopotea, mbao zenyewe nzima.

Jingine ni rangi. Mtu anataka kiuzike, anakipaka rangi ya mafuta ya mlangoni. Mtoto anayeota meno anaguguna ule ubao wa juu kutwa. Rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi. Mimi nakwangua, napiga msasa, naacha mbao tupu au napaka vanishi ya maji na kuiacha ikauke hadi harufu iishe. Alama za meno hazina shida yoyote, dada amesema kweli.

Na ufito ukikatika usigongelee kipande juu. Utolewe wote uwekwe mwingine.

---

Nesi Wodi ya Wazazi

Naomba niseme jambo moja la nguo na mablanketi, maana hili naliona na linaniuma.

Watu wanapohifadhi nguo za mtoto kwa ajili ya kuuza au kwa mtoto ajaye, wanatupia vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo. Vidonge vile vingi ni naftalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na huku kwenye maeneo ya malaria si wachache. Mtoto wa namna hiyo akifunikwa blanketi lenye ile harufu, chembe nyekundu za damu zinavunjika, anapata manjano makali na upungufu wa damu. Manjano makali kwa kichanga yanaweza kuharibu ubongo. Kwa hiyo muuzaji, usitumie vidonge hivyo. Mnunuzi, nguo ikinuka vidonge usimvishe mtoto siku hiyo. Fua na uanike juani hadi harufu iishe kabisa, ikigoma acha. Na anayeona kichanga macho yamegeuka manjano asisubiri kumwanika jua la asubuhi, amlete hospitali.

Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono, kwa ajili ya mayai ya yule nzi anayeingiza funza kwenye ngozi.

Pampu za kukamulia maziwa: zile za umeme za matumizi ya nyumbani nyingi zimetengenezwa kwa mama mmoja. Maziwa yanaweza kupanda hadi kwenye mipira na mota ambako hufiki kusafisha. Kubadilisha vikombe hakutoshi. Usimuuzie mtu.

---

Binti Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri mno. Sisi huku pwani adui ni chumvi ya bahari. Kigari kikikaa barazani msimu mmoja, springi za breki na misumari ya magurudumu zishaota kutu, na ukikitazama juu kimetulia tu. Ukinunua, geuza juu chini utazame vyuma vya ndani.

Lakini mimi nina swali jengine. Mamangu hataki kabisa niuze nguo za mwanangu. Asema nguo ya mtoto hupewa ndugu, haiuzwi, na hujui itaangukia mikono ya nani. Kigari na kitanda hana neno navyo. Nyinyi mwafanyaje?

---

Mama Pacha

Shosti, hilo liko hata huku Bara, na mimi namheshimu mama anayesema hivyo. Wengine wanahofia mtoto kuchezewa kwa nguo yake, wengine wanaona tu si uungwana. Sijawahi kumshawishi mtu auze nguo. Nguo za kichanga bei yake ndogo, zinavaliwa wiki chache, na kila ukoo una mjamzito. Mpe wifi yako, mpe binti wa jirani. Pesa yenyewe iko kwenye vitu vizito.

Kuna na upande wa pili. Wapo wanaouza kwa sababu mtoto hayupo tena. Ukienda kununua kitu ukaona ni kipya kabisa na mama hana maneno mengi, usimhoji "mbona hakijatumika?" Kagua kifaa, lipa alichotaja bila kubishana, ondoka.

---

Mkazi wa Mbagala

Bei mnapangaje? Niliuza kigari, nikalia baadaye kukiona kinauzwa mara mbili.

---

Mama Pacha

Mimi naanzia nusu ya bei ya dukani ya leo, wala si bei uliyonunulia wewe miaka mitatu iliyopita. Kikiwa na kasoro ya kuonekana nashuka hadi theluthi. Kinachobebeka vizuri kwenye bajaji au boda kinapanda kidogo. Kabla hujatangaza pita Kariakoo uulizie, au fungua mtandao wa Jiji na Facebook uone wenzako wameweka ngapi. Dalali akikupigia dakika mbili baada ya tangazo na kusema "nakuja sasa hivi", jua umeweka chini.

---

Mteja Mwaminifu

Jihadharini na malipo. Mtu alikuja nyumbani kuchukua kiti cha kulia cha mtoto, akanionyesha amelipa, na mimi nikapata SMS ya muamala. Nimempa mzigo, nacheki salio, hakuna kitu. SMS ilitoka namba ya kawaida.

---

Mama Pacha

Pole sana. Wadau, SMS si malipo. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako uangalie salio kwa mkono wako, mteja akiwa amesimama hapo, na mzigo uko upande wako wa mlango. Mteja wa kweli hakasiriki kusubiri dakika moja. Ukipigiwa kwamba "pesa imezidi, nirudishie," usirudishe chochote kabla ya kuona salio limeongezeka. Na kama uko peke yako nyumbani na mtoto, mkutanishe mteja kwenye duka la jirani au kituo cha bodaboda wanapokufahamu.

Kwa mnunuzi nako: usitume hata shilingi ya "kushikilia mzigo" kwa mtu hujamwona.

---

Mama Dodoma

Mimi niko Dodoma na nimekitamani kitanda kama kile cha Segerea. Nitakiona vipi bila kuja Dar? Na nikilipa kwanza si ndiyo yaleyale?

---

Mama Pacha

Dada, kwa wa mkoani nafanya hivi. Omba video, usikubali picha tupu. Muuzaji atikise kitanda upande mmoja mmoja, aweke futi kwenye nafasi za fito huku kamera inaona namba, akuonyeshe kila boliti. Kama una ndugu Dar, mtume akague na alipe palepale. Ndugu mmoja mwenye futi ni bora kuliko video kumi. Kikishakaguliwa kinaunganuliwa, mbao zinafungwa pamoja kwa kamba na boksi pembeni, mfuko wa boliti unabandikwa ndani, kinapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi kupakiwa kwenye basi. Ndugu yako akupigie picha ya risiti ya mzigo na namba ya basi. Ukikipokea, kabla hujaondoka stendi fungua uhesabu boliti.

Cha Segerea kimeshachukuliwa. Kuna mama wa Kinyerezi ana kingine, pande hazishuki, nitakwenda kukipima Jumamosi. Fito zikiwa sawa nakutumia video jioni hiyohiyo.